Tishio, Udhaifu na Madhara: Jinsi Usalama wa Bwawa Unavyopimwa, kwa Mfano wa Nzilo katika Mto Lualaba

1.0 Utangulizi

Kaskazini ya mji wa Kolwezi, mto Lualaba unaingia katika makorongo ya Nzilo, na hapo umezibwa kwa ukuta wa zege uliojengwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kituo chake cha umeme, chenye uwezo wa megawati 108, kiliitwa Delcommune wakati wa utawala wa Wabelgiji, na baada ya uhuru kikachukua jina la mahali kilipo. Nyuma ya ukuta limetanda ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 280. Chini zaidi ya mto kipo kituo cha Nseke, ambacho zamani kiliitwa Le Marinel, chenye megawati 248. Na kati ya hivyo viwili kimeongezwa, katika miaka hii ya 2020, kituo cha Busanga chenye megawati 240. Baada ya hapo Lualaba huteremka kuelekea Bukama na kuingia katika bonde tambarare la Kamalondo, lenye maziwa ya Upemba na Kisale, ambako riziki ya watu wengi ni uvuvi.

Mkaazi wa bonde anayeishi chini ya ukuta wa aina hiyo huwa na swali moja tu: je, una hatari? Swali hilo ni la haki, tena ni fupi. Hata hivyo, likifika mikononi mwa mhandisi hugawanyika mara moja na kuwa maswali matatu. La kwanza linahusu kile kinachoweza kuujia ukuta. La pili linahusu hali ya ukuta wenyewe. La tatu linahusu yatakayowapata watu endapo ukuta utashindwa. Neno "hatari" katika Kiswahili hubeba yote matatu kwa pamoja, na hapo ndipo kutoelewana kunapoanzia.

Makala haya yanakusudia kueleza namna usalama wa bwawa linalopokea mafuriko unavyotathminiwa, na kuonyesha kwamba kutenganisha maana hizo tatu ni sehemu ya usalama wenyewe. Kwa ajili hiyo yatatumika maneno matatu yaliyokwisha kuwamo katika lugha: tishio, udhaifu na madhara. Neno "hatari" litabaki kuwa jina la jumla, yaani matokeo ya hayo matatu yakikutana. Makala hayatoi hukumu juu ya hali ya ukuta wa Nzilo. Hukumu ya namna hiyo hutolewa na wapimaji walio kazini, wakiwa na vipimo mkononi.

2.0 Bwawa, baraji na ziwa

Kabla ya kuingia katika vipimo, inafaa kulitazama neno "bwawa" lenyewe. Katika Kiswahili sanifu neno hili hutaja maji yaliyotuama, na hutaja pia ukuta uliyoyazuia. Mtu husema "bwawa limejaa", akimaanisha maji; kisha husema "bwawa limebomoka", akimaanisha ukuta. Muktadha huokoa maana mara nyingi, lakini si mara zote. Sentensi "bwawa limeshuka" ikitangazwa redioni inaweza kueleweka kuwa kina cha maji kimepungua, jambo la kawaida wakati wa kiangazi. Au kuwa ukuta umetitia, jambo la kutisha sana.

Wasemaji wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wameitatua shida hii kwa njia yao. Wamechukua neno la Kifaransa na kulifanya "baraji", wakilitumia kwa ukuta na mitambo yake, huku maji yaliyo nyuma yakibaki kuitwa "ziwa". Mtaalamu wa lugha anaweza kulionea shaka neno la mkopo, lakini hana budi kukiri kwamba hapa mkopo umeleta utengano ambao neno la asili halikuwa nao. Katika makala haya patatumika "ukuta" kwa kile kilichojengwa, "ziwa" kwa maji yaliyozuiwa, na "bwawa" kwa vyote viwili kwa pamoja.

3.0 Kazi mbili zinazogombana

Bwawa la kuzuia mafuriko hufanya kazi kwa utupu. Thamani yake ni nafasi iliyobaki kati ya uso wa maji na kiwango cha juu kinachoruhusiwa, kwa kuwa nafasi hiyo ndiyo itakayopokea mafuriko na kuyaachia polepole. Bwawa la umeme, kwa upande mwingine, hufanya kazi kwa ujazo: kadiri ziwa lilivyojaa, ndivyo maji yanavyoanguka kutoka juu zaidi na ndivyo akiba ya kiangazi inavyokuwa kubwa.

Nzilo lilijengwa kwa ajili ya umeme wa migodi. Lakini mto haujui nia ya mjenzi. Katika ukanda wa Kolwezi mvua hunyesha kuanzia mwezi wa Novemba hadi Aprili hivi, kisha miezi ya kiangazi hupita karibu bila tone. Bwawa lolote lenye ziwa kubwa katika majira kama hayo hulazimika kupokea mafuriko, litake lisitake. Msimamizi wake hukabiliwa kila mwaka na uamuzi uleule: akiliacha ziwa lijae mapema, anajihakikishia umeme wa Agosti na Septemba, lakini anapunguza nafasi ya kupokea mvua za mwisho wa masika, akiliacha na nafasi kubwa, na mvua zikakatika mapema, migodi na miji itakosa umeme. Kwa hiyo swali la kwanza la mtathmini huwa juu ya kanuni ya uendeshaji: ni kiwango gani cha maji kinachoruhusiwa mwezi hadi mwezi, nani mwenye mamlaka ya kufungua milango, na je, kanuni hiyo inafuatwa?

Ikumbukwe pia kwamba si kila furiko ni adui. Katika bonde la Kamalondo kupanda na kushuka kwa maji ndiko kunakowapa samaki mahali pa kuzaliana. Kinachotafutwa, basi, ni kuyazuia yale mafuriko yanayoua bila kuyakatiza yale yanayolisha.

4.0 Tishio: nini kinaweza kuujia ukuta

Tishio la kwanza ni maji mengi kuliko yaliyotarajiwa. Wahandisi huyapanga mafuriko kwa kipindi cha kurudia: furiko la miaka 100, la miaka 1,000, la miaka 10,000. Maneno haya yamewapotosha wengi. Furiko la miaka 100 si furiko linalokuja mara moja kila karne na kisha kwenda kupumzika. Maana yake ni kwamba katika kila mwaka mmoja, uwezekano wa furiko la ukubwa huo au zaidi ni sehemu moja kwa mia.

Tuchukue kikapu chenye punje 100 za maharagwe, 99 nyeupe na moja nyekundu. Kila mwaka mtu hutia mkono bila kutazama, hutoa punje moja, kisha huirudisha. Punje nyekundu inaweza kutoka mwaka huu, ikatoka tena mwaka ujao. Inaweza pia isitoke kwa miaka 200. Kwa hesabu, uwezekano wa kuitoa angalau mara moja katika miaka 30 ni asilimia 26, na katika miaka 70, ambao ndio umri wa ukuta kama wa Nzilo, ni kama nusu kwa nusu. Kwa furiko la miaka 1,000, uwezekano huo katika miaka 70 hushuka hadi karibu asilimia 7. Kwa furiko la miaka 10,000, hadi chini ya asilimia moja. Ndiyo sababu ukuta ambao kuvunjika kwake kungeua watu wengi hudaiwa kulihimili furiko la miaka 10,000, au furiko kubwa kabisa ambalo hali ya hewa ya mahali hapo inaweza kulileta.

Ugumu ni kwamba kumbukumbu za mvua na za mito ni fupi mno kulinganisha na idadi hizo. Historia ya Kariba, katika mto Zambezi, inatoa somo. Ukuta wake wa mita 128 ulijengwa kati ya 1955 na 1959. Mwaka 1957, kazi ikiendelea, mto ulifurika kwa namna iliyodhaniwa kuwa ya nadra sana. Mwaka uliofuata, 1958, likaja furiko kubwa zaidi, la takriban mita za ujazo 16,000 kwa sekunde. Punje nyekundu ilikuwa imetoka mara mbili mfululizo. Ama yalikuwa matukio mawili ya bahati mbaya, ama kikapu chenyewe kilikuwa kimehesabiwa vibaya. Mtathmini hulazimika kuyafikiria yote mawili, na leo huongeza la tatu: kwamba hali ya hewa inabadilika, na hivyo idadi ya punje nyekundu inaweza kuwa inaongezeka.

Nchini China, bwawa la Banqiao lilikamilishwa mwaka 1952 kwa ajili ya kudhibiti mafuriko. Lilikadiriwa kwa mvua ya kama milimita 300 kwa siku. Agosti 1975 kimbunga kilileta zaidi ya milimita 1,000 kwa siku moja, maji yakapita juu ya ukuta wa udongo, nao ukachukuliwa. Makumi ya mabwawa mengine katika eneo hilo yalivunjika katika siku hizo, na waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kwa kulinganisha, Kolwezi hupata mvua ya takriban milimita 1,200 kwa mwaka mzima.

Tishio la pili ni tetemeko la ardhi. Mashariki ya Kongo hukatwa na bonde la ufa, na tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 chini ya ziwa Tanganyika, lililofikia kipimo cha 6.8, lilitikisa nyumba za Kalemie. Ziwa kubwa lenyewe linaweza kuchochea mitetemeko kwa uzito wa maji yake: Kariba ilipokuwa ikijaa, mwaka 1963, kulitokea tetemeko lililopita kipimo cha 6. Ukuta ulisimama.

5.0 Udhaifu: hali ya ukuta wenyewe

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya udongo ushauri huo unatosha. Kwa bwawa, unahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa ufa unaoonekana si lazima uwe ndio wa kuogopwa. Zege la ukuta mnene hupasuka hapa na pale linapopoa na kukauka, na nyufa nyingi za aina hiyo hazibadiliki kwa miongo mingi. Udhaifu unaoua mara nyingi huwa mahali ambapo jicho halifiki.

Mfano unaofundishwa popote ni Malpasset, kusini mwa Ufaransa. Ukuta wake mwembamba wa zege, uliojipinda kama upinde na wenye kimo cha mita 66 hivi, ulikamilika mwaka 1954. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959, ziwa lilipokuwa likijaa kabisa kwa mara ya kwanza baada ya mvua kubwa, ukuta uliondoka na watu zaidi ya 400 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kasoro haikuwa katika zege. Maji yaliyojipenyeza ndani ya mwamba wa upande wa kushoto yaliusukuma mwamba huo kutoka chini mpaka ukateleza, na ukuta ukakosa pa kuegemea. Tangu hapo wahandisi wamekuwa wakiupima mwamba kwa bidii ileile wanayoitumia kwa ukuta.

Vipimo vyenyewe si vigumu kueleweka. Cha kwanza ni timazi: uzi mrefu wenye uzito chini, sawa na ule wa mwashi, lakini uliotundikwa ndani ya ukuta kutoka juu hadi chini. Ukuta wa zege husogea kidogo mbele na nyuma kila mwaka, kwa kufuata ujazo wa ziwa na joto la jua, na timazi huonyesha mwendo huo kwa milimita. Cha pili ni pizomita, mrija au kifaa kinachopima msukumo wa maji ndani ya mwamba na chini ya msingi. Cha tatu ni kipimo cha mvujo: maji yanayopenya hukusanywa katika mfereji na kupitishwa kwenye ubao wenye mwanya wa pembetatu, na kina chake hapo hueleza ni lita ngapi zinazovuja kwa dakika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kipimo kimoja hakisemi chochote. Hakuna ukuta usiovuja. Kinachosomwa ni mwenendo: je, ziwa likiwa katika kimo kilekile cha mwaka jana, mvujo ni uleule? Je, timazi imerudi pale iliporudi mwaka juzi? Je, maji yanayovuja ni maangavu au yana matope? Katika ukuta wa udongo, maji ya matope ni dalili kwamba udongo wa ndani unachukuliwa punje kwa punje, na kwamba njia inachimbwa humo kimyakimya. Kwa hiyo daftari lenye vipimo vya miaka 40 bila kukatika lina thamani kuliko kifaa kipya kilichofungwa jana. Na pengo la miaka kumi katika daftari, liwe limesababishwa na vita, ukata au uzembe, ni udhaifu wa bwawa sawa na ufa.

Kuna pia udhaifu unaozaliwa na uzee. Katika baadhi ya kuta, kokoto na saruji huingiliana kikemia na zege huvimba polepole. Kariba ni mojawapo, na uvimbe huo umeathiri mahali milango ya maji inapokaa. Aidha, maji yaliyoachiwa kwa nguvu kutoka milango hiyo yalichimba shimo chini ya ukuta lenye kina cha takriban mita 80. Kazi kubwa ya kulirekebisha shimo na milango ilianza mwaka 2017, kwa fedha za wafadhili mbalimbali wa kimataifa. Ukuta haukuwa umevunjika, wala maji hayakuwa yamemwagika. Kilichotenda kazi hapo ni tathmini: dalili zilisomwa mapema, zikatajwa, na fedha zikatafutwa kabla ya msiba.

Mwisho, ukuta mzima wenye milango mibovu ni ukuta dhaifu. Mlango usiofunguka usiku wa furiko kwa sababu injini ya akiba haina mafuta ni sawa na mlango uliosahauliwa kujengwa. Kwa sababu hiyo mtathmini mzuri haridhiki kuonyeshwa mitambo. Huomba ifunguliwe mbele yake, kwa umeme wa kawaida na kisha kwa ule wa dharura.

6.0 Madhara: nini kitafuata

Swali la tatu linahama kutoka ukutani na kushuka bondeni. Endapo ukuta utashindwa, maji yatafika wapi, kwa saa ngapi, kwa kina gani, na yatamkuta nani? Majibu huchorwa katika ramani, na kutokana nayo bwawa hupangiwa daraja la madhara: la chini, la kati au la juu.

Hapa ndipo neno "hatari" linapoleta vurugu kubwa kuliko pengine popote. Ripoti inaposema bwawa ni la daraja la juu, haisemi kwamba bwawa ni bovu. Inasema kwamba chini yake wanaishi watu wengi, au kuna kuta nyingine, na kwamba kwa hiyo lidaiwe uangalizi mkali zaidi. Ukuta mpya kabisa, usio na dosari, uliojengwa juu ya mji, ni wa daraja la juu tangu siku ya kwanza. Ripoti hiyo ikitafsiriwa kwa sentensi "bwawa hili lina hatari kubwa", wakaazi watakimbia bila sababu. Na wakishaambiwa kwamba halikuwa na kasoro, siku ya kasoro ya kweli hawatakimbia.

Daraja la madhara hubadilika pia bila ukuta kuguswa. Watu wakihamia bondeni, wakafungua soko na shule, daraja limepanda. Kuta zikiongezwa katika mto mmoja, daraja la ule wa juu linapanda, maana kuvunjika kwake kunaweza kuzivunja za chini. Hilo ni la kuzingatiwa Lualaba, ambako Nzilo iko juu ya Busanga na Busanga iko juu ya Nseke. Tathmini ya ukuta mmoja mmoja haitoshi. Mfuatano wa kuta hupimwa kama kitu kimoja.

Wala ukubwa si kipimo cha madhara. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba moja, lililojulikana kama bwawa la Patel, lilipasuka baada ya mvua nyingi na watu 48 wakafa. Lilikuwa dogo mno kulinganisha na Kariba au Nzilo. Lakini lilikuwa kwenye mteremko juu ya makazi, na ilibainika kwamba halikuwa na kibali cha mamlaka ya maji.

7.0 Mabwawa ya taka za migodi

Katika ukanda wa shaba, mjadala huu hauwezi kuishia kwenye maji ya mto. Kwa miongo mingi viwanda vya kuchambulia madini vya Kolwezi vimetoa matope ya taka, ambayo mengi yalirundikwa Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi, ambao maji yake huishia Lualaba. Taka za namna hii huzuiwa kwa kuta ambazo kwa kawaida hazijengwi mara moja. Huinuliwa kidogo kidogo kadiri taka zinavyoongezeka, mara nyingine kwa kutumia taka zenyewe kama udongo wa ujenzi. Ukuta wa namna hiyo haumaliziki kujengwa hadi siku mgodi unapofungwa, na baada ya hapo unapaswa kulindwa bila kikomo, wakati mwenye mgodi ameshaondoka.

Udhaifu wake mkuu ni kulowa. Taka zilizoshiba maji zinaweza kuonekana imara kwa miaka, kisha zikageuka uji kwa sekunde chache. Ndivyo ilivyotokea Brumadinho, Brazil, tarehe 25 Januari 2019, ambapo watu 270 walipoteza maisha. Ukuta huo ulikuwa na cheti cha uimara kilichotolewa mwaka uliotangulia. Katika ukanda huu wenyewe, tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa taka za mgodi ulipasuka Chambishi nchini Zambia, na maji ya asidi yasiyopungua lita milioni 50 yakaingia katika kijito cha Mwambashi na kisha mto Kafue, hata mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Novemba ya mwaka huohuo, maji ya taka za kiwanda cha madini yaliingia katika mitaa ya Lubumbashi, na serikali ikasimamisha shughuli za kampuni iliyohusika.

Maswali matatu ni yaleyale, ila madhara yana sura ya pili: maji ya mto hupita yakaisha, lakini sumu hubaki katika visima, mashamba na samaki.

8.0 Kutoka ripoti hadi kijiji

Mji wa Derna, Libya, ulijengewa mabwawa mawili katika miaka ya 1970 kwa kusudi hasa la kuukinga na mafuriko ya korongo lake. Mwaka 2022 mtaalamu wa maji wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar, Abdelwanis Ashoor, alichapisha katika jarida la kitaaluma uchunguzi ulioonya kwamba mabwawa hayo yalihitaji kukarabatiwa haraka, na kwamba furiko kubwa lingeleta maafa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 kimbunga Daniel kilileta furiko hilo. Bwawa la juu lilivunjika, la chini likafuata, na maelfu ya watu wakafa. Usiku ule wakaazi walikuwa wamepokea maagizo yanayopingana: wengine waliambiwa waondoke, wengine wabaki majumbani.

Msomi wa chuo kikuu alikuwa ameandika, tena kweli tupu. Tishio lilijulikana, udhaifu ulijulikana, madhara yalitabiriwa. Lakini ripoti ambayo haikugeuka kuwa fedha za ukarabati wala kuwa agizo moja linaloeleweka haikumwokoa mtu.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lugha rasmi ni Kifaransa, na Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Ripoti ya kiufundi itaendelea kuandikwa kwa lugha ya mafundi. Hilo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kazi imekwisha ripoti inapotiwa sahihi. Mpango wa dharura una sehemu ambayo mhandisi hawezi kuiandika peke yake, nayo ni maneno yatakayotamkwa usiku ule. Maneno hayo hayana budi kuwa katika Kiswahili kinachosemwa mahali hapo. Onyo lisemalo "wakaazi mnaombwa kuelekea maeneo ya mwinuko" ni sanifu na ni sahihi, lakini mama aliyeamka usingizini Kolwezi ataelewa haraka zaidi akisikia "Mayi inakuya, mupande ku mulima!" Usanifu una mahali pake katika ramani, mabango na vitabu vya shule. Usiku wa mafuriko, lugha bora ni ile isiyohitaji kufikiriwa.

Kwa matangazo ya mchana, kwa upande mwingine, utengano wa maana tatu unafaa sana. Badala ya kutangaza kwamba "bwawa lina hatari" au "bwawa halina hatari", tangazo lingeweza kuwa na sentensi tatu: ni furiko la ukubwa gani ambalo ukuta umekadiriwa kulihimili, ukaguzi wa mwisho ulifanywa lini na uligundua nini, na ni vitongoji vipi ambavyo maji yangevifikia, baada ya saa ngapi. Msikilizaji asiyejua hata hesabu ya asilimia anaweza kuzifahamu sentensi hizo, na anaweza kuuliza ile iliyorukwa.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba usalama wa bwawa si sifa ya kudumu inayotolewa siku ya uzinduzi. Ni hukumu inayofanywa upya, kwa kuwa mambo yote matatu husogea: mvua hubadilika, zege huzeeka, na watu huhamia bondeni. Kuta za Lualaba zilizojengwa katika miaka ya 1950 zina umri wa takriban miaka 70, na zimeona tawala, vita na mabadiliko ya wamiliki. Umri huo peke yake si ushahidi wa uimara wala wa ubovu. Ni sababu ya kuuliza daftari la vipimo liko wapi na limeandikwa hadi lini.

Kwa idara za Kiswahili, kazi iliyopo ni ya wazi. Istilahi za tishio, udhaifu na madhara, za ukuta na ziwa, za mvujo, timazi na kipindi cha kurudia, zinaweza kukusanywa, kujaribiwa na mafundi wa vituo vya umeme pamoja na wakaazi wa mabonde, kisha kukubaliwa au kukataliwa. Mafundi hao wengi hukisema Kiswahili kazini kila siku na wana maneno yao tayari. Kwa hiyo utafiti uanzie kwao, kabla ya kubuni istilahi mpya mezani.

Mkaazi aliyeuliza kama ukuta una hatari anastahili kujibiwa. Jibu la kweli lina sehemu tatu, na asipewe moja akaambiwa ndilo lote.